Maajabu saba ya Fore kwa Kiswahili: shajara ya mradi

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Tumeanza. Basi lilitushusha Castlepollard asubuhi, tukatembea kilomita kama tano hadi Fore kwenye barabara nyembamba isiyo na pembezoni. Kila gari lililopita, dereva aliinua kidole kimoja bila kuachia usukani. Mdogo wetu alidhani tunakaripiwa. Kumbe ndiyo salamu ya huku mashambani.

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kutujua: tunaandaa maelezo ya sauti, kwa Kiswahili, ya kijiji cha Fore kilichopo kaunti ya Westmeath, katikati ya Ireland. Msikilizaji atakuja na simu yake, atavaa visikilizio, atatembea kituo kwa kituo. Tumepanga vituo tisa, dakika 25 kwa jumla. Tuko watatu. Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Dada Mkubwa katoka Bukavu. Mdogo wetu ni wa Mombasa, anasomea uhandisi, na ndiye mwenye kinasa sauti. Bajeti hatuna, nauli kila mtu kwa mfuko wake, na chai ananunua aliyechelewa.

Kwa nini Fore, wakati Ireland imejaa magofu? Kosa ni la bibi mmoja ninayemhudumia kazini. Alizaliwa upande huu. Usiku akikosa usingizi hunihesabia maajabu saba ya Fore kwa vidole, na kila usiku yanatimia saba, lakini si lazima yawe yale yale, wala kwa mpangilio ule ule. Nilipomwambia sijawahi kufika, alinitazama kama mtu aliyekiri kwamba hajawahi kuonja chumvi.

Kijiji chenyewe unakimaliza kwa dakika kumi: nyumba chache, baa, kanisa, msalaba wa jiwe katikati. Kinachokusimamisha ni bonde. Upande mmoja kilima chenye miamba, Ben of Fore. Chini yake mbuga tambarare yenye majimaji, na katikati ya mbuga hiyo magofu ya monasteri yamesimama kama meli iliyokwama maji yalipokupwa. Jina la Kiairishi ni Baile Fhobhair, mji wa chemchemi. Hilo "Fh" halitamkwi kabisa. Mdogo wetu ameshalikosea mara sita.

Tulichokipata leo ni ramani tu na sauti ya kondoo. Sauti ya kondoo tunayo nyingi mno.

Jumamosi, 21 Septemba

Sikusafiri leo, nimekaa na daftari. Orodha tuliyokubaliana ndiyo hii: monasteri iliyojengwa juu ya kinamasi, kinu kisicho na mto, maji yanayopanda mlima, mti usioungua, maji yasiyochemka, mtawa ndani ya jiwe, na linta iliyonyanyuliwa kwa sala. Vituo viwili vya nyongeza ni lango la mji na banda la njiwa.

"Linta" imezua ubishi. Nilikuwa nimeandika "jiwe la mlalo lililo juu ya mlango". Nikalisoma kwa sauti, nikajisikia kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Fundi wa kwetu akisimama pale mlangoni atasema linta, na kila aliyewahi kujenga hata chumba na sebule atajua anaonyeshwa nini. Limebaki linta.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku ya maji. Ndiyo siku niliyoisubiri, na nitaiandika kwa kirefu.

Hadithi ni kwamba Mtakatifu Féichín, aliyeanzisha monasteri hapa yapata mwaka 630, alijenga kinu cha kusagia nafaka mahali pasipo na mto. Watu wakamcheka. Yeye akaenda ng'ambo ya kilima, kwenye ziwa Lough Lene, akapiga kwa fimbo yake. Maji yakapenya chini ya kilima, yakatokea kinuni, kinu kikazunguka. Hapo yamepatikana maajabu mawili kwa pigo moja: kinu kisicho na mto, na maji yanayopanda mlima, maana ukisimama bondeni huoni ni wapi yangeweza kutoka isipokuwa juu ya kilima.

Mtu wa Tanga halazimiki kuelezwa sana. Mimi nimekua karibu na mapango ya Amboni. Miamba ya chokaa huliwa na maji. Mvua hupitia kwenye nyufa, miaka inakwenda, nyufa zinakuwa mifereji, mifereji inakuwa mapango. Kilima hiki nacho ni cha mawe ya chokaa. Ziwa liko juu kuliko bonde la Fore, kwa hiyo maji yanateremka kama maji yote ya duniani, ila yanateremkia gizani. Nilipowaeleza wenzangu pale pale, Dada Mkubwa akaniuliza, "Sasa wewe unataka kuwaambia watu kwamba si ajabu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Tumekubaliana hivi: hadithi inasimuliwa kwanza, kamili, bila "inasemekana" kila sentensi. Miamba inakuja baadaye, kwa sentensi nne. Mtu anayetaka kuishia kwenye fimbo ataishia kwenye fimbo.

Kituo hiki amekisoma Dada Mkubwa. Anasema "mayi", kama wanavyosema kwao, si "maji". Mdogo wetu alitaka arudie "kwa usanifu". Nikasema hapana. Watakaosikiliza wengi wao ni familia kutoka Kongo, na hata wasingekuwa hao, maji ya Fore hayatabadilika ladha.

Kisha tukafika kwenye habari ya Gerald wa Wales, padri aliyezunguka Ireland na Wanormani, wavamizi waliotokea Uingereza, katika miaka ya 1180 na kuandika aliyoyaona na aliyosimuliwa. Anaandika kwamba kwenye kinu hiki wanawake hawakuruhusiwa kuingia, na kwamba mpiga mishale mmoja wa jeshi la Hugh de Lacy, bwana wa Kinormani, alimburuta mwanamke hadi ndani ya kinu akamdhulumu humo. Mpiga mishale huyo alishikwa na moto wa jehanamu mwilini mwake, akafa usiku ule ule. Nilikuwa nimeiondoa kwenye maandishi. Watoto watasikiliza, nilisema.

Dada Mkubwa aliisoma kwenye simu yangu, kimya, mara mbili. Akasema, "Hii irudishe. Nitaisoma mimi." Aliisoma mara moja tu, akiwa amesimama karibu na maji, bila kupandisha wala kushusha sauti. Mdogo wetu alisahau kuangalia kipimo cha sauti kwenye kinasa. Tulipoisikiliza baadaye ilikuwa safi, hata kondoo hawakulia. Tumeitenga kuwa faili la pembeni, lenye onyo kwa wazazi mwanzoni.

Vituo vilivyorekodiwa: 2 kati ya 9.

Jumapili, 13 Oktoba

Kituo cha monasteri hakifai. Upepo. Sauti yangu inasikika kama mtu anayeongea ndani ya gunia la mahindi. Mdogo wetu ameivika maikrofoni soksi ya sufu, na anaapa imefuliwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Monasteri tena, na soksi imefanya kazi.

Wasikilizaji Watanzania hawatashangaa kusikia Wabenediktini; tunao Peramiho, Ndanda na Hanga. Wa Fore waliletwa na huyo huyo Hugh de Lacy, bwana wa Meath, kabla hajauawa mwaka 1186. Hakuwapa nyumba ya kujitegemea: aliwaweka chini ya abasia ya Mtakatifu Taurin kule Évreux, Normandy. Kwa karne mbili na zaidi hilo likawa balaa. Kila mfalme wa Uingereza alipopigana na Ufaransa, Fore ilihesabiwa mali ya adui na kuwekwa chini ya ulinzi wa Taji, yaani serikali ya mfalme. Watawa wanalima viazi... hapana, viazi havikuwapo bado, nimejisahihisha mwenyewe kwenye rekodi na tumeacha kosa na sahihisho. Watawa wanalima shayiri yao kwenye kinamasi cha Ireland na kulipishwa deni la vita vya Ufaransa.

Minara miwili iliyoongezwa katika karne ya 15 ni ya ulinzi, si ya kengele. Ukiitazama kwa mbali unadhani ni ngome. Ilibidi iwe ngome. Hapa palikuwa mpakani kati ya ardhi iliyoshikwa na Waingereza na ardhi ya Waairishi, na mji ukajengewa kuta na malango, ambayo mawili mabaki yake yanaonekana hadi leo. Mwaka 1539, enzi za Henry VIII, nyumba ikafungwa. Haya ndiyo magofu makubwa zaidi ya Wabenediktini katika Ireland yote.

Na ajabu yake iko wapi? Kwamba hayakuzama. Mawe yote hayo juu ya tope, na bado yamesimama wima. Mdogo wetu alizunguka kuta akipigapiga mguu chini kama mtu anayenunua kiwanja. Anasema lazima pana mwinuko wa mwamba au changarawe chini yake. Nikamwambia aseme hivyo kwa sentensi nne.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Makaburi yanayozunguka kanisa la zamani la Féichín, upande wa pili wa barabara, juu kidogo ya mbuga, yalikuwa na maua mapya. Tulisogea kwa adabu, tukasubiri familia moja imalize sala kabla ya kutoa vifaa.

Linta. Kwa nje mlango wa magharibi wa kanisa hili ni mlango tu, hadi unyanyue macho. Jiwe moja linavuka upana wote, linakadiriwa kuwa na uzito wa zaidi ya tani mbili, na juu yake umechongwa msalaba ndani ya duara. Hadithi: mafundi walihangaika nalo hadi wakashindwa. Féichín akawaambia nendeni mkale. Waliporudi, jiwe liko mahali pake. Alikuwa ameomba.

Naipenda kwa sababu ya hilo la kula. Hakuwakemea mafundi kwa imani haba, hakuwapigisha magoti. Aliona watu wana njaa.

(Kanisa linaloonekana leo ni la karne kadhaa baada ya Féichín. Yeye alifariki mwaka 665 katika tauni iliyowaua Waairishi wengi, wakubwa kwa wadogo, na makazi yake yalichomwa moto mara kumi na mbili kati ya 771 na 1169. Hilo tumelisema, kwa upole, mwishoni mwa kituo. Mtu asije akabishana nalo mlangoni.)

Sasa aibu yangu. Pana kaburi moja lenye maandishi yaliyofutika, nilitaka kulisoma. Nilikuwa na chaki mfukoni. Nimewahi kuona kwenye video mtu anapaka chaki juu ya jiwe na herufi zinachomoza. Nilikuwa nimeshainama. Mzee mmoja aliyekuja kubadilisha maua akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini natoka wapi. Nikasema Tanga, Tanzania. Akauliza kama kwetu makaburi ya mababu tunayapaka chaki.

Nilirudisha chaki mfukoni.

Hakuwa na hasira. Alinieleza kwamba chaki inaingia kwenye vinyweleo vya jiwe na haitoki, brashi ya chuma inang'oa uso wa jiwe pamoja na herufi, na hata ukungu ule wa kijivu na wa manjano ulioota juu yake ukiukwangua unaondoka na ngozi ya jiwe. Dawa ni mwanga wa ubavuni. Subiri jua linazama, au chukua tochi, uimulike kutoka pembeni kabisa, karibu na uso wa jiwe, uone kivuli kinavyojaza kila mchoro. Tulisubiri hadi saa kumi na moja kasoro robo. Mzee akashika tochi, mimi nikapiga picha nane, kila picha tochi imehamishwa kidogo. Herufi zilijitokeza zenyewe, mstari baada ya mstari, jina na umri. Jina silitaji hapa. Ni mtu wa watu, na wajukuu wa wajukuu zake huenda bado wako kijijini.

Tangu leo, kanuni ya kwanza ya mradi imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari: mkono usiguse pale ambapo jicho linatosha. Ya pili: aliyechelewa ananunua chai.

Vituo: 4 kati ya 9.

Jumamosi, 23 Novemba

Mtawa ndani ya jiwe. Ufunguo wa kikanisa chake tulielekezwa tukauombe baa. Mimi Mwislamu, nimeingia baa saa nne asubuhi kuomba ufunguo wa nyumba ya mtawa Mkatoliki. Mama yangu asisome shajara hii.

Kikanisa kiko juu, mlimani. Mnara mdogo wa kale, na jengo la baadaye lililoongezwa na familia ya Greville-Nugent kuwa mahali pa kuzikia watu wao. Ndani ya mnara waliishi watawa wa aina ya peke yake: mtu anaapa kuingia chumbani na asitoke tena hadi kufa. Chakula kinapita dirishani. Maandishi ya Kilatini yenye mwaka 1616 yanamtaja Patrick Beglin, anayekumbukwa kuwa wa mwisho.

Tafsiri imenitoa jasho. "Mtawa" peke yake halitoshi, maana msikilizaji ataona watawa wa Peramiho wenye karakana na shamba la ng'ombe. "Mkaa pweke" ni kama kichwa cha shairi. "Mfungwa" ni uongo, huyu alijifunga. Dada Mkubwa akapendekeza "mtawa aliyejizika", na tukanyamaza wote watatu, kwa sababu ndiyo hasa. Sikupata kuhakikisha kama litawakera watu wa dini, kwa hiyo nimemwuliza padri mmoja kwa simu. Akacheka, akasema wakati wa kuingia chumbani waliokuwa kama yeye walikuwa wakisomewa sala za maiti. Limepita.

Saa kumi na robo giza limeanza kuingia. Tulirudisha ufunguo, tukanywa chai hapo hapo baa. Nililipa mimi.

Jumapili, 15 Desemba

Zamu za usiku mfululizo, kwa hiyo hakuna safari. Nimetumia muda kusikiliza na kusoma.

Nilimchezea bibi kituo cha linta. Kiswahili hajui hata neno moja. Alifumba macho akasikiliza dakika mbili na nusu zote, nikadhani kasinzia. Akafumbua, akasema nimelitamka jina la mtakatifu vibaya. Nilikuwa nasema "Feichini", kama kichana. Akanifundisha: ile ch si ch, ni pumzi, iko kati ya h na kh. Nikamwambia sisi watu wa pwani tuna kh, tumejifunza chuoni kwa Kurani tukiwa wadogo. "Basi huna udhuru," akasema.

Jina linatajwa mara 31 kwenye yale tuliyokwisha kurekodi. Mdogo wetu hakujibu ujumbe wangu kwa siku mbili.

Mambo mawili ambayo hayatapata kituo lakini siwezi kuyaacha yapotee. Kwanza, kengele. Mwaka 1881 kwenye kisiwa kimoja cha Lough Lene ilipatikana kengele ya kale ya shaba nyeusi. Yenyewe iko Makumbusho ya Taifa, Dublin, lakini nakala yake ndiyo anayoigonga spika wa bunge la Ireland kutuliza wabunge. Kwa hiyo kila mbunge anayekatizwa mazungumzo anakatizwa na ziwa la Féichín.

Pili, mashua. Katika ziwa hilo hilo yalipatikana mabaki ya mashua ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la mashua ya watawa. Wataalamu walipoichunguza, mbao zake zilikuwa zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, ufundi wa Bahari ya Mediterania wa enzi za Warumi, karne nyingi kabla ya mtawa yeyote kuwapo hapa. Nimelala nikiwaza: nani aliufikisha ufundi huo katika ziwa la bara, kisiwa cha mwisho wa dunia ya wakati ule? Kwetu babu zetu walishona mtepe kwa kamba za nazi, na kila fundi wa Lamu anaweza kukuonyesha njia ambazo ufundi ulipitia. Hapa njia haionekani, imebaki mbao.

Mwezi huu pia UNESCO imeuingiza ujenzi wa kuta za mawe makavu wa Ireland katika orodha yake ya urithi. Kuta hizo zisizo na udongo wala saruji zipo kila shamba hapa. Nimeandika sentensi moja, ya kuwekwa kwenye kituo cha lango.

Jumatatu, 20 Januari 2025

Sikukuu ya Féichín. Nilikuwa na siku ya mapumziko, nimekwenda peke yangu, bila kinasa.

Nilitaka kukiona kisima bila kufikiria sekunde. Kinaitwa Doaghfeighin, beseni la Féichín: mawe yaliyosimama yakizunguka mahali pa maji, ambapo zamani akina mama walileta watoto dhaifu kuwaogesha. Maji yake ndiyo yasiyochemka, na kuni za mti ulio juu yake ndizo zisizoungua. Ukiunganisha hayo mawili unaona ni katazo lililovaa hadithi: usichote, usikate.

Mti wa kale ulikuwa na matawi matatu, wakasema ni Utatu Mtakatifu. Haukukatwa wala kuchomwa. Watu walikuja na sarafu, wakazipigilia kwenye gome, kila sarafu ombi moja, mpaka mti ukafa. Wanasema ni sumu ya shaba. Uliuawa na waliokuja kuuomba.

Leo pale pana matambara yamefungwa kwenye matawi. Desturi hiyo naijua. Amboni watu huacha vitambaa na ubani pangoni. Maana yake ya hapa, kama bibi alivyonieleza, ni kwamba kitambaa kinafutishwa mahali panapouma, kinafungwa mtini, na kadiri kinavyooza ndivyo ugonjwa unavyopungua. Kwa hiyo ni lazima kioze. Nilichokiona ni kamba za viatu, utepe wa nailoni, barakoa ya hospitali, soksi ya mchezo wa mpira, ganda la peremende. Hivyo havitaoza hata wajukuu zetu wakiwa wazee. Ugonjwa wa mtu utaning'inia pale, rangi yake ikiwa bado inang'aa.

Nilikuwa na kipande cha kanga mfukoni, pamba tupu, nimekikata nyumbani makusudi. Kwa ajili ya bibi, ambaye tangu Krismasi hali chakula vizuri. Nilisimama kama robo saa. Kisha nikakumbuka jalada la daftari.

Nilirudi nacho.

Jumatano, 29 Januari

Ijumaa iliyopita dhoruba Éowyn ilipiga. Kule Mace Head, Galway, upepo ulivunja rekodi ya nchi nzima, zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Nyumba na biashara zaidi ya 700,000 zilikosa umeme. Kazini jenereta iliwaka, tukahamishia wazee wote sebule moja. Bibi alifurahi kupita kiasi. Anasema hajawahi kuwa na wasikilizaji wengi namna ile. Aliwahesabia maajabu saba, na safari hii kengele ya ziwani ilikuwa mojawapo. Alikula bakuli zima la supu.

Kompyuta ya Mdogo wetu ilizimika katikati ya kuhifadhi. Tumepoteza kituo cha lango na nusu ya kile cha mtawa. Zile "Féichín" 31 ziko salama, alikwisha kuzisahihisha zote. Kaniambia hivyo kabla ya kuniambia kilichopotea, nami nikamwelewa.

Jumamosi, 8 Februari

Tumerudi watatu. Kwenye barabara ya Castlepollard miti mikubwa imelala mashambani, mizizi juu, kila mzizi bado umekumbatia mawe. Tulihesabu kumi na saba kisha tukaacha.

Lango limerekodiwa upya kwa mara moja. Mtawa pia, Dada Mkubwa kasoma "aliyejizika" vizuri kuliko mara ya kwanza.

Ikabaki kituo cha mti. Maandishi yangu ya Septemba yalikuwa na mstari usemao: "Ukipenda, funga kitambaa chako hapa na unong'one ombi lako." Nimewaonyesha wenzangu. Mdogo wetu alitaka tuseme wazi kwamba ni marufuku. Dada Mkubwa akasema sisi ni nani, wageni wa wageni, tuwakataze watu maombi yao kwa Kiswahili? Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe kituo kimekuwa hivi: hadithi ya mti usioungua, hadithi ya sarafu, neno la bibi kuhusu kuoza, basi. Baada ya hapo sekunde 40 za maji ya kisima bila mtu kusema. Anayetaka kuomba ataomba. Anayetaka kufunga, ameshasikia.

Sekunde hizo 40 zimetuchukua saa nzima. Kila tulipofikia 30, kondoo.

Jumla sasa ni dakika 23 na sekunde 10. Limebaki banda la njiwa, pale watawa walipofuga kitoweo chao, na kusema kweli hakuna kati yetu anayelipenda. Tutalirekodi Machi. Mdogo wetu amepewa kazi ya kumwuliza mwenye shamba ni lini anawahamisha kondoo wake.